Bomba Likipasuka, Usikimbilie Kusaini

Wiki hii naomba tuweke pembeni viwango vya kutuma pesa. Nataka kuongelea dola 2,850 ambazo shemeji yangu alimlipa mtu mwaka 2021 kwa kazi ambayo, kwa maoni yangu, haikufika hata dola 300. Na aliyemwambia asaini ni mimi. Nina digrii ya biashara, nafunga hesabu za watu kila mwisho wa mwezi, lakini siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye ndoo na matambara.

Waliokuwa Texas Februari ile hawahitaji kusimuliwa. Kwa wengine, hasa nyinyi wa Muscat na Doha ambao baridi mnaijua ya kiyoyozi, ilikuwa hivi. Dhoruba iliingia mwishoni mwa wiki ya tarehe 13, na Jumanne tarehe 16 kipimo cha uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Gridi ya umeme ya jimbo ikazidiwa. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakaa gizani, wengine siku tatu nzima. Baadaye jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Nyumba za kule zimejengwa kwa ajili ya joto. Mabomba mengi ya maji yanapita darini, na huko darini hakuna hita. Maji yakiganda ndani ya bomba yanatanuka, bomba linapasuka, na wewe hujui chochote mpaka barafu iyeyuke.

Shemeji alijua Alhamisi. Umeme ulikuwa umerudi, hita imeanza kufanya kazi, yeye yuko jikoni anachemsha chai, akasikia kama mvua chumbani. Kaka yangu ni dereva wa malori, alikuwa amekwama njiani huko Oklahoma. Shemeji akanipigia mimi. Nikamwambia, funga koki kuu. Akaniuliza, iko wapi? Sikujua. Kaka naye hakujua. Nyumba wameinunua tangu 2018, wanailipia mkopo kila mwezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua maji yanafungiwa wapi! Nilifika baada ya saa tatu kwa sababu ya barafu barabarani, nikakuta dari ya chumba imeshuka kitandani, zulia linaelea. Jirani Mmeksiko ndiye aliyekuja na bisibisi, akafungua kisanduku cha mita ya maji pale ukingoni mwa barabara, akafunga. Ilimchukua dakika moja.

Jumamosi akaja bwana mmoja, kavaa vizuri, tabasamu, kadi ya biashara. Alikuwa ameshasaini watu wawili wa kanisani kwake shemeji, kwa hiyo alikuja na jina zuri. Akasema kampuni za bima ni wezi, zitakulipa nusu, mimi nitakutetea, na hulipi hata senti mpaka wewe ulipwe. Asilimia 10 tu. Shemeji akanitazama. Nikamwambia, asilimia kumi si kitu, saini tupumzike.

Sasa nieleze huyu mtu ni nani, maana wengi tunawachanganya. Mkadiriaji hasara, ambaye huku wote tunamwita adjasta, yuko wa aina tatu. Wa kwanza ameajiriwa na kampuni yako ya bima. Wa pili ni wa kujitegemea lakini amekodiwa na kampuni hiyo hiyo, hasa baada ya dhoruba kubwa ambapo watu wao hawatoshi. Hawa wawili hulipwi na wewe, na wote wanaifanyia kazi kampuni. Wa tatu ndiye yule bwana wa Jumamosi: unamkodi wewe mwenye nyumba, anasimama upande wako, na malipo yake yanatoka kwenye fidia yako. Ni kazi halali kabisa, inahitaji leseni ya jimbo, na wako wanaoifanya vizuri sana. Sitaki mtu aseme nimewaita matapeli. Ugomvi wangu uko kwenye siku unayomsainia.

Angalia hesabu ya shemeji. Adjasta wa kampuni alikadiria matengenezo na vitu vilivyoharibika kuwa dola 31,000. Wakatoa sehemu ya kubeba mwenyewe, dola 2,500. Wakazuia dola 6,000 za uchakavu, ambazo walizilipa baadaye matengenezo yalipokwisha na risiti zikapelekwa. Jumla yake 28,500. Je, bwana wetu alipandisha hata dola moja? Hapana. Alituma picha tulizopiga sisi, akapiga simu mbili tatu, akapokea asilimia 10 ya fedha yote, pamoja na ile ambayo kampuni ilikuwa tayari kuilipa bila kusukumwa na mtu. Dola 2,850. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya milioni sita na nusu. Shemeji alikuwa anamwezekea mama yake nyumba Muheza. Mabati yalisubiri mwaka mzima.

Kilichoniuma zaidi nilikiona nilipokuja kuusoma ule mkataba kwa utulivu, wiki imeshapita. Sheria ya Texas inakupa saa 72 baada ya kusaini kuuvunja mkataba wa adjasta bila kutoa sababu yoyote. Imeandikwa humo humo. Mimi mhasibu nilisoma asilimia, sikusoma kurasa.

Sasa msikilize na huyu wa pili, maana bila yeye maoni yangu yatakuwa ya upande mmoja. Ni kaka yetu Mkongo, fundi wa vigae, bomba lake lilipasuka wiki ile ile. Yeye hakumkodi mtu. Aliripoti mwenyewe, akasubiri. Kampuni ikamjia na dola 9,400, ikidai kwamba sakafu ya jikoni ilikuwa imeoza zamani kwa uvujaji wa polepole, na uvujaji wa polepole haulipwi. Yeye ni fundi, sakafu ile aliiweka kwa mikono yake miaka miwili nyuma, na picha za siku anaiweka anazo kwenye simu. Akaomba jibu lao kwa maandishi. Akalipata. Hapo ndipo alipotafuta adjasta, tena akamwambia wazi: hizi 9,400 nimezipata mwenyewe, asilimia yako itahesabiwa kwenye kitakachozidi hapo. Adjasta alikataa kidogo kisha akakubali, wakaandika. Mwisho wa safari kampuni ililipa 27,400. Nyongeza ni 18,000, adjasta akachukua 1,800 zake, na alizistahili kila senti. Fundi akabaki na 25,600.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu. Ripoti dai mwenyewe kwanza. Subiri jibu la maandishi. Jibu likiwa la haki, chukua hela yako, usimgawie mtu. Jibu likiwa dogo, au wamekataa, au hasara ni kubwa mpaka huiwezi kuifuatilia kwa sababu unafanya kazi zamu mbili, hapo mkodi mtu, na pigania asilimia ya nyongeza na siyo ya jumla. Wako watakaoniambia kwamba kuna nyumba zimeungua zote, au mama ni mjane hajui Kiingereza, huyo asubiri nini? Ni kweli. Hasara ya namna hiyo inaweza kuhitaji msaada tangu mwanzo. Lakini dari la chumba kimoja na zulia? Hapana jamani.

Na usiogope kuripoti mwenyewe eti Kiingereza chako si kizuri. Omba mkalimani, kampuni nyingi kubwa wanaye kwenye simu. Usimtumie mtoto wako wa miaka 12 kutafsiri mahojiano yanayorekodiwa. Mtoto akisema "lilikuwa linavuja" badala ya "lilipasuka", umeshaingia kwenye matatizo ya yule fundi. Sema unachokijua, usichokijua sema hujui. Usibuni.

Texas ina sheria ambazo ni vizuri uzishike kichwani, na kama uko jimbo lingine ulizia za kwako. Adjasta haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 10 ya malipo ya bima. Mkataba lazima uwe wa maandishi, kwenye fomu iliyokubaliwa na idara ya bima ya jimbo. Kama kampuni yako, ndani ya saa 72 tangu uripoti hasara, imelipa au imeahidi kwa maandishi kulipa kiwango chote cha juu cha bima yako, adjasta hana haki ya asilimia. Huyo huyo anayekukadiria hasara haruhusiwi kuwa ndiye anayekarabati nyumba hiyo, wala kuwa na maslahi kwenye kampuni inayoikarabati. Leseni yake unaitazama bure kwenye tovuti ya idara ya bima kwa kuandika jina lake. Florida ni tofauti kidogo: kwenye janga lililotangazwa na gavana mwisho ni asilimia 10 kwa mwaka wa kwanza, nje ya hapo inaweza kufika 20.

Kampuni ya bima nayo ina saa yake. Texas wana siku 15 za kukiri kwamba dai lako limefika na kuanza kulishughulikia. Wakishapata kila karatasi walizoziomba wana siku 15 za kazi kukubali au kukataa. Wakikubali wana siku 5 za kazi kulipa. Baada ya janga kubwa muda huongezwa, lakini haugeuki kuwa milele. Wakikuzungusha, unaweza kupeleka malalamiko idara ya bima ya jimbo, na hulipii chochote. Watu wetu hawaitumii kabisa njia hii. Tunadhani kulalamika serikalini ni kujitafutia balaa.

Hapa niseme jambo kuhusu karatasi, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Dhoruba ikipita, adjasta yeyote, wa kwao au wa kwako, atakuuliza: ulikuwa na nini, kilinunuliwa lini, kwa shilingi ngapi? Jibu la "vitu vingi" halilipwi. Leo jioni chukua simu, pita chumba kwa chumba, rekodi video, fungua kabati, fungua droo, soma kwa sauti jina la friji na namba yake ya nyuma. Usisahau gereji. Nawajua nyinyi: gereji ina mapipa mawili yanasubiri kontena, ndani kuna simu tatu, blenda, viatu vya wapwa, televisheni ya ofa ya Novemba. Ile ni mali. Ikilowa bila risiti wala picha, umeitupa. Dakika kumi zinatosha. Jitumie video hiyo kwenye barua pepe, usiiache kwenye simu peke yake, maana simu nayo inaweza kulowa.

Na pesa taslimu! Najua kuna wanaoweka fungu la upatu ndani, kwenye bahasha au chini ya godoro, zamu yako ya kukusanya ikifika unakuwa na dola elfu sita chumbani. Mikataba mingi ya bima ya nyumba Marekani inalipa pesa taslimu mpaka dola 200 tu. Mia mbili. Hizo nyingine 5,800 utawaeleza nini wanachama?

Siku yenyewe ya hasara, mpangilio ni huu: funga maji, zima umeme wa upande uliolowa kama unaweza kufika kwenye swichi kuu bila kukanyaga maji, piga picha kabla hujagusa kitu, halafu anza kukausha. Kukausha ni wajibu wako kwa mkataba. Ukiacha maji wiki nzima eti unamsubiri adjasta, ukungu ukiota kuta nzima wanaweza kukataa kulipa sehemu hiyo. Tunza risiti za feni ulizokodi, za mifuko, za hoteli. Nyumba ikiwa haikaliki, mikataba mingi ina fungu la kukulipia pa kulala na tofauti ya chakula. Shemeji alilala kwangu wiki tatu bila kujua kwamba angeweza kulala hotelini. (Hakunilalamikia, ila mke wangu anakumbuka.) Usitupe kipande cha bomba kilichopasuka. Kikate, kiweke kwenye mfuko, andika tarehe. Kata na kipande cha zulia.

Hundi ikija, usishtuke kuona jina la benki iliyokukopesha limeandikwa pamoja na lako. Ndivyo ilivyo kama nyumba ina mkopo. Benki nyingi huishika fedha na kuitoa kidogo kidogo kazi inavyokwenda. Kwa hiyo usimwahidi fundi malipo yote ya mwanzo kwa kutegemea hundi hiyo. Na wala usipige simu nyumbani kusema umepata elfu 20!

Lakini nyie, bora zaidi bomba lisipasuke. Maandalizi ya baridi ya Texas ni ya bei rahisi mno ukilinganisha na hasara, ndiyo maana inaniudhi. Mipira ya povu ya kuvika mabomba ya darini na ya nje ni dola chache kwa futi sita. Vifuniko vya koki za nje ni vya bei hiyo hiyo. Mpira wa kumwagilia bustani lazima uchomolewe, kwa sababu ukiuacha maji yanaganda nyuma yake mpaka ndani ya ukuta. Usiku wa baridi kali acha koki za upande wa ukuta wa nje zidondoke matone, fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto lifike, na hita isishuke chini ya 55 za Farenhaiti, yaani kama 13 za kwetu. Na tafuta koki kuu. Leo. Ifunge, uifungue, ujue kama imekwama. Kama inataka ufunguo wa mita, kanunue.

Umeme ukikatika, usilete jiko la mkaa ndani wala jenereta gereji. Sisi tunaozijua habari za jiko la mkaa na chumba kilichofungwa tunapaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo, na bado Februari ile kuna waliokufa kwa moshi usioonekana wala kunuka. Jenereta ikae futi 20 kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Kifaa cha kugundua hewa ile ya sumu kinauzwa dukani, weka chenye betri.

Sasa kosa ambalo ni letu kabisa, Wamarekani wenyewe hawalifanyi sana. Sisi tunasafiri Desemba. Tiketi ni ghali, kwa hiyo ukienda unakaa wiki tano, sita, krismasi na harusi mbili. Na kabla ya kutoka, kwa akili ya kubana matumizi, unazima hita. Mkataba wa bima kwa kawaida unasema hivi: nyumba ikiwa haina mtu, barafu ikipasua bomba tutalipa kama ulichukua tahadhari ya kuacha hita inafanya kazi, au ulifunga maji na kuyatoa yote mabombani. Ukizima hita na kuacha maji, umeokoa labda dola mia moja na umeiondoa bima yako mwenyewe. Fanya vyote viwili ukiweza: acha hita kwenye 55, funga koki kuu, fungua mabomba yote ya ndani maji yaishe. Halafu mwachie mtu ufunguo apite kila baada ya siku chache, akutumie picha ya kipimajoto.

Dada zangu mnaofanya kazi za ndani, hili linawahusu hata kama hamna nyumba. Bosi anakwenda kuteleza kwenye theluji Colorado, anakuachia nyumba, anakwambia uzime hita kupunguza bili. Mjibu kwa ujumbe wa maandishi, kwa adabu: "Nitaiacha 55 kwa sababu ya mabomba, sawa?" Akijibu "hapana, zima", jibu lake liko kwenye simu yako. Muulize na koki kuu iko wapi. Bomba likipasuka wewe ukiwa peke yako ndani, swali la kwanza litakuwa kwa nini hukufunga maji.

Mliopanga, niwe mfupi. Bima ya mwenye nyumba inalipa jengo lake. Kitanda chako, nguo zako na mapipa yako ni juu yako. Bima ya mpangaji ni ada ndogo kwa mwezi, wengi wanatumia zaidi kwa chakula cha nje cha wiki moja. Angalizo moja kwa vijana wa ujenzi mnaoishi wanne nyumba moja: bima iliyo kwa jina la mmoja kwa kawaida haiwalindi wengine ambao si familia yake. Kila mmoja aandikwe, au kila mmoja awe na yake. Na mafuriko hayamo kwenye bima ya kawaida, yana bima yake. Ile ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo usiikimbilie wingu likiwa limeshatanda.

Nyinyi wa ujenzi nina neno lingine. Baada ya kila dhoruba mnapata kazi, na hiyo ni neema. Ila kuna mabosi wanaowatuma mlango kwa mlango mkawaambie wenye nyumba, "sisi tutaongea na bima yako, na ile sehemu ya kubeba mwenyewe tutakusamehe." Texas maneno yote mawili ni hatari. Mkandarasi haruhusiwi kujadiliana na bima kwa niaba ya mwenye nyumba anayemfanyia kazi. Kusamehe sehemu ile ya mwenye nyumba, au kuipandisha kwenye ankara ili bima ilipe, ni kosa la jinai tangu sheria ya 2019. Bosi ana wakili. Wewe una karatasi zako za uhamiaji. Fikiria jina la nani liko kwenye fomu aliyosaini mama mwenye nyumba. Beba nyundo yako, piga kazi, fomu waachie wenye leseni.

Nimalizie na sehemu ya kubeba mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo nitakapogombana na baadhi yenu. Texas mara nyingi inahesabiwa kwa asilimia, hasa kwa upepo na mvua ya mawe. Nyumba iliyokatiwa bima ya dola 250,000 kwa asilimia 1 ina maana 2,500 za kwanza ni zako, kwa asilimia 2 ni 5,000. Fungua mkataba wako uone ni ngapi. Kiasi hicho kiwe benki, kwenye akaunti isiyo na kadi, kabla hujatuma chochote zaidi ya matumizi ya lazima ya nyumbani. Najua maneno yatakayokuja. Mama atasema umebadilika, mdogo wako atasema Wamarekani wamekuharibu. Mwambie mama ukweli kwamba kuna hela ya bomba. Shemeji ilimchukua miezi kumi kuijaza, dola 250 kila mwezi, na mama yake alinuna miezi miwili ya kwanza. Mabati yakapanda mwezi wa kumi na tatu.

Mwaka huu anasafiri tarehe 14 Desemba. Ufunguo wa mita unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa gereji, umefungwa utepe mwekundu, na mimi nimeshaoneshwa mara tatu pa kuuzungushia.